Umri wa Shaba

Mjomba wangu,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Goti la mama limepoa, na ameanza tena kugombana na majirani, kwa hiyo ujue amepona.

Yale mawe uliyonikabidhi ulipostaafu nimeyapima. Ni kweli ni lava iliyomwagika chini ya bahari, kisha ikazikwa, ikapikwa kwa joto la ardhi hadi ikageuka mwamba wa aina nyingine. Ila shaba iliyomo, ambayo miaka thelathini umefundisha kwamba ilizaliwa pamoja na lava ile, isotopu, zile atomu tunazosomea umri wa mwamba, zinasema ni changa kuliko lava kwa miaka milioni mia mbili. Iliingia baadaye, mwamba ulipokuwa ukipikwa.

Nilirudia mara tatu. Mkuu wa maabara akaniuliza, "Huyu si mjomba wako? Kwa nini tusimwache mzee apumzike?"

Nikamjibu, "Nikificha kipimo, ndipo atanikana."

Kisha nikajifungia stoo ya sampuli, nikalia.

Ripoti nimeipeleka leo, na sikutaka uisikie kwa watu. Ukikasirika, nikasirikie mimi. Ukiona nimekosea, njoo tupime pamoja. Kiti cha mbele ya mashine nitakupisha.

Mpwa wako, uliyemfunza ubishi.