Hukukataa Kusimama, Mzee Rajabu

Mzee Rajabu,

Ni mimi Kirimi, mtu wako wa kelele. Usishangae kuona naandika. Nilisoma mpaka darasa la tatu, na hiyo ya tatu nilifukuzwa katikati, kwa hivyo ukiona mstari unapanda na kushuka kama barabara ya Chuka, vumilia. Huko uliko najua una wakati.

Bucha yako tumefungua tena. Kuchinja anachinja mtu wa msikitini, mimi nakata tu, na wateja wananitukana ati nakata kama mtu anapasua kuni. Nawaambia hawa mbuzi wametoka Muthara kwa miguu, wakifika hapa ni misuli tupu, nifanye nini? Wanacheka. Lakini hawakai. Zamani mtu akinunua robo ya nyama alikaa hapo mpaka adhuhuri akikusikiliza wewe. Siku hizi ananunua, anaangalia nyuma, anaenda.

Ni ile karatasi. Wewe hukuiona. Siku ile ulipeleka ngozi Embu, askari wa kizungu wakakupiga risasi pale kwa kizuizi, waliandika maneno kidogo tu: dereva alikataa kusimama. Basi. Hapa mtaani Majengo maneno yakaanza. "Rajabu alikuwa anakimbia nini?" "Chini ya ngozi kulikuwa na nini?" Mwingine akasema unga. Unga wa kulisha wapiganaji wa msituni. Homgadi, wale walinzi wa serikali, wakaja na mikuki yao, vijana wa hapa hapa ambao umewalisha matumbo ya bure, wakachimba mpaka jiko la mkeo, Mama Halima. Hawakupata kitu, wakaenda na kuku wawili.

Na Halima mwenyewe, binti yenu, huko alikoolewa Kiirua, ana taabu. Shemeji zake wote ni homgadi. Hawali tena chakula akipika yeye. Wanamwita binti wa unga.

Haya yote nilikuwa nayasikia na nikinyamaza, Mzee. Nilifikiri sina la kusema.

Gari yako polisi waliirudisha baada ya mwezi. Ina tundu la risasi kwa mlango. Nimeziba na bati ya debe la mafuta ya kupikia, sasa mlango umeandikwa nusu ya neno, wateja wanafikiri tunauza mafuta. Sikuiendesha. Ilikaa nyuma ya bucha, kuku wakataga ndani yake.

Halafu Mama Halima akatoka eda. Miezi minne na siku kumi hakuvuka ule ua. Watu wa msikiti wa Embu walikuzika siku ile ile kabla ya magharibi, vile dini yenu inataka, na yeye hakukuona hata uso. Sasa siku ya kwanza kutoka, neno lake la kwanza: "Kirimi, nipeleke kwa kaburi." Nikahangaika ofisini nikapata pasi ya kusafiri. Ya siku moja tu. Kwenda, na kurudi Meru kabla ya saa kumi na mbili, kafyu. Na njia ni ile ile, Mzee. Kizuizi ni kile kile.

Kwa hivyo siku moja kabla ya safari nikafukuza kuku nikaijaribu gari kwa ule mteremko wa nyuma ya soko. Nikagusa breki. Ikaruka kushoto kama punda ameona fisi. Nikasema hii ni kazi ya polisi, wameiharibu. Nikapiga jeki, nikaingia chini, nikafungua springi ya mbele kushoto.

Ile bushi ya mpira inayokaa ndani ya sikio la springi, lile tundu la kupitisha bolti, wewe ndio ulinifundisha kuisoma. Iliyokufa kwa uzee inaliwa pole pole, kama sabuni. Hii haikuwa hivyo. Ilikuwa bado mpya. Ilikuwa imesokoteka kama nguo mtu anakamua, ikachanika kuanzia ndani. Bolti yote inacheza hapo kwa shimo. Ukifunga breki, gurudumu linarudi nyuma upande mmoja na gari inageuka yenyewe.

Mpira hauchaniki hivyo bure. Unachanika hivyo mtu akikaza bolti gari ikiwa juu ya jeki, magurudumu yananing'inia. Mpira unashikwa vibaya. Ukishusha gari, springi inapanda, bolti haiachilii, na mpira unabaki umenyongwa, kila shimo la barabara linauvuta.

Na aliyekaza ni mimi.

Unakumbuka? Uliniachia kazi ukaenda kuswali alasiri. Ukasema, "Valisha bushi, shusha gari, ndio ukaze. Usikaze ikiwa juu, Kirimi. Umesikia?" Nikasema nimesikia, hata mbuzi wamesikia. Ukaenda ukicheka. Lakini mvua ilikuwa imenyesha. Chini kulikuwa matope na damu ya machinjio, na ukishashusha gari lazima uingie chini na tumbo, pua kwa grisi. Kafyu nayo inakaribia. Nikakaza zote juu. Nikashusha. Nikanawa.

Uliporudi uliniuliza, "Ulishusha kwanza?" Nikasema, "Mzee, kwani unaniona mimi mtoto?" Hiyo si jibu. Wewe ukaichukua kama jibu, ukanipiga bega.

Wiki mbili baadaye ukasema gari inavuta kushoto. Nikasema inavuta nyumbani, kushoto ndiko kuna pilau. Ukacheka tena. Mungu wangu. Mbona ulikuwa unacheka kila kitu nikisema? Ungenitukana siku moja tu.

Siku hiyo hiyo nilivalisha bushi mpya, kushoto na kulia. Nikashusha gari. Nikaingia kwa matope na tumbo, nikakaza. Ile iliyochanika nikatia mfukoni. Mama Halima akaleta uji akaniuliza gari iko namna gani. Nikasema iko sawa. Sikusema ingine.

Asubuhi tukaenda. Yeye amekaa mbele na buibui yake, chupa ya maji ya waridi kwa magoti. Tukakaribia kizuizi. Unajua mahali penyewe, mteremko, halafu mahema yao upande wa kushoto. Mzungu mmoja, kijana, ndevu bado, akatoka na bunduki akaiinua kabla hata sijafika. Nikakanyaga breki.

Ikasimama. Sawa sawa, kama mstari wa mwalimu. Lakini mikono yangu ilikataa kuachilia stering. Askari wetu mmoja mwafrika alikuja kuchukua pasi, akaniambia, "We, unataka nikubandue na spana?" Halafu akaona ile bati ya mlango. Akaigusa.

"Hii gari naijua," akasema. Sauti chini, mzungu asisikie. "Ile siku ilikuja pole pole. Nilisikia breki. Halafu ikarukia hema."

Akaturudishia pasi. Tukapita. Tulienda kitambo, mpaka kizuizi hakionekani tena.

"Breki," Mama Halima akasema. "Kirimi, alifunga breki?"

Nikasema ndivyo alivyosema askari.

"Kwa nini mtu afunge breki na aingie kwa hema ya watu wenye bunduki?"

Nikamwambia, nitakueleza tukifika.

Nilimweleza pale kaburini kwako. Alimaliza dua, akamwaga maji ya waridi, akakaa chini. Nikatoa ile bushi nikamwekea mkononi. Nikasema yote, jeki, matope, kafyu, pilau. Aliigeuza, akaigeuza tena. Nilitaka anipige. Kipigo najua kukipokea.

"Kwa hivyo hakukimbia," akasema.

"Hakukimbia, Mama."

"Alikuwa anasimama."

"Alikuwa anasimama."

Ndio akalia. Miezi yote hiyo sikuwa nimemwona akilia. Alilia akiwa ameishika ile bushi kama tasbihi. Halafu akafuta uso, akaniangalia. "Msamaha usiniombe leo," akasema. "Leo sina." Akafunga bushi kwa pembe ya leso. "Na Halima utamwambia wewe. Mbele ya shemeji zake, wote. Kwa mdomo huo huo."

Kurudi hakukaa mbele. Alipanda nyuma akakalia magunia. Meru tulifika mapema, kafyu bado. Alishuka bila kuniaga.

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Nyama napeleka kila asubuhi, naacha mlangoni. Anaichukua. Mlango hafungui nikiwa hapo.

Jumamosi naenda Kiirua. Yule shemeji mkubwa wa Halima ni mtu mbaya, juzi alipiga mtu kwa sababu ya kukohoa. Akipenda atanipeleka ofisini, waandike karatasi ingine na jina langu: fundi wa gari ya unga. Naogopa, sikufichi. Nimetafuta utani wa kuanzia nao, hakuna. Nitasimama hapo kwa ua nitasema: mimi nilikaza vibaya, nikamdanganya, yeye alifunga breki. Nitasema kwa Kiswahili, nitasema kwa Kimeru, mpaka hata kiziwi asikie. Nikirudi mzima nitasema hata hapa bucha, siku ya soko, watu wakiwa wamejaa. Najua nani ataacha kununua. Acha aache.

Kwako pia siombi msamaha, Mzee. Mama Halima amesema hana, na mimi siwezi kumzunguka nije kuchukua kwako.

Lala salama. Jina lako nitalirudisha nyumbani kwa Halima kwanza. Hiyo nimekuahidi, na safari hii sitanii.

Kirimi