Hapa Hakuna Samaki

Missoula, Montana
11 Februari 2008

Shemeji Orrin,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye theluji. Natumai wewe na dada Verna hamjambo, na kwamba goti lako limetulia. Mimi ni mzima, ila kifua kinanibana nikipanda ngazi. Huu ni mwaka wa pili hatusemezani, tangu tulipogombana mezani sikukuu ya Shukrani kwa sababu ya kura za uchaguzi. Dada alilia jikoni, bata mzinga akapoa, mimi nikawasha gari nikaondoka. Nimejuta sana. Ningekuandikia mapema, lakini nilikuwa nangoja wewe uanze, na nadhani nawe ulikuwa unaningoja mimi.

Kitabu changu cha pili kinakaribia kutoka. Nacho nakichapisha mwenyewe, maana wachapishaji wa New York wanasema hawaelewi kama ni cha siasa au cha kuvua samaki aina ya trauti. Niliwajibu kwamba kwangu ni kazi ile ile: unasimama kwenye maji baridi mpaka kiunoni, unarusha nzi bandia mwenye ndoana tumboni, na unaomba aliye chini aamini. Hata kuandika ni hivyo hivyo. Hawakunijibu tena. Maboksi ya kitabu cha kwanza bado yamejaa gereji.

Sasa jambo lenyewe. Nimesoma gazetini kwamba kampuni moja ya hoteli na viwanja vya gofu inataka kuyachepusha maji ya kijito chako. Baraza la kaunti litawasikiliza wananchi mwezi Mei, kisha lipige kura. Nina sura nzima juu ya kijito hicho, lakini sijakitaja kwa jina, kama nilivyokuahidi siku uliponipeleka mara ya kwanza. Naomba ruhusa yako nikitaje. Watu hawatakitetea kitu ambacho hawajui kama kipo.

Nisalimie dada.

Shemeji yako,
Merrill


Kettle Fork
2 Machi 2008

Shemeji mwandishi,

Salamu zimefika. Sisi ni wazima, goti ni lile lile. Verna anakusalimu na anasema kifua ukakipime, usikae unakiandikia insha. Ugomvi wa Shukrani tuuache. Nilikuita mjamaa, ukaniita kondoo wa matajiri, basi tumetoshana.

Lakini jina, hapana. Bonde la pili kuna bwana mmoja aliandika makala kwenye gazeti la wavuvi. Kiangazi kilichofuata magari yalijaa mpaka makaburini, na trauti wakatolewa majini mpaka vitoto. Mimi kijito hiki nakilinda kama baba yangu alivyokilinda, kwa uongo. Yule kijana wa idara ya samaki akija na karatasi zake kuuliza nani kavua nini na wapi, namwambia pale hakuna samaki, ni vyura tu. Nimewaambia hivyo wote waliomtangulia. Kanisani nasema hivyo, dukani nasema hivyo. Ndiyo maana samaki wa pale wana mashavu.

Na hao wa gofu usiwaogope. Mwenyekiti wa baraza ni Clayton Rusk. Nilimpigia kura, nikasimamisha bango lake mbele ya nyumba yangu, na aliniambia uso kwa uso kwamba serikali yake itatuacha tuishi. Ninyi watu wa mjini mnadhani kila kitu kinaokolewa kwa makelele.

Ukiliandika jina usikanyage kwangu tena, hata Verna alie namna gani. Usipoliandika, njoo mwezi wa saba tuvue.

Shemeji yako,
Orrin


Missoula
20 Aprili 2008

Shemeji,

Hamjambo? Mimi nakuandikia kitandani. Daktari anasema si kifua, ni moyo, na amenikataza safari.

Kitabu kimetoka, nimekutumia nakala tatu. Jina sikuliandika. Nimeweka "kijito fulani kaskazini", na kusema kweli sentensi yenyewe imekaa vibaya, lakini nilikuwa nawaza mwezi wa saba.

Sasa nisikilize, tafadhali, na usikasirike kabla hujamaliza. Nimepiga simu idara ya samaki. Ripoti waliyoipeleka kwa baraza inasema kijito hicho hakina samaki wa maana. Wameitegemea karatasi ya yule kijana, Orrin, na karatasi ile ni maneno yako. Kampuni inaitumia ripoti hiyo kama hoja yake kubwa. Nenda kwenye mkutano, chukua majirani, mkaseme ukweli. Nakuomba kama ndugu.

Merrill, shemeji yako


Kettle Fork
9 Juni 2008

Shemeji Merrill,

Habari ya moyo? Verna ameniuliza kila siku kama nimekujibu, nami nilikuwa namdanganya kwamba barua iko posta. Nilikuwa naona aibu.

Nilikwenda mkutanoni. Nilivaa koti la mazishi. Nilipopewa nafasi nikasimama nikaeleza yote: trauti walipo, wanavyopanda kutaga, baba yangu alivyonibeba mgongoni kunipeleka kuwaona. Rusk alinitazama juu ya miwani yake, kwa upole, maana si mtu mbaya. Akaniambia, "Orrin, miaka thelathini unaniambia pale kuna vyura tu. Leo imekuja gofu, vyura wameota mapezi?"

Ukumbi wote ulicheka, na Mungu anisamehe, hata mimi nilicheka kidogo. Kisha akasimama mzee mmoja wa kiwanda cha mbao, akasema ni kweli, samaki wapo, yeye huvua pale tangu ujana. Akafuata mke wa mchungaji, naye kumbe huvua pale kila Jumatatu. Badala ya kufurahi, Merrill, nilikasirika. Tukabaki tunatazamana kama watu waliofumaniwa, kila mmoja alidhani kijito ni chake peke yake. Baraza likaona tumepangana. Wakasema wote waliosimama walishawahi kuulizwa na idara ya samaki, na wote walijibu vyura.

Kura ikapita bila ubishi. Niliyemwekea bango ndiye aliyekuwa wa kwanza kunyoosha mkono.

Kinaitwa Hesper. Kiandike. Kiandike kwa herufi kubwa, eleza mpaka pa kuegesha gari. Ulikuwa umeona mbele, mimi nikakufunga mdomo.

Shemeji yako,
Orrin


Missoula
3 Agosti 2008

Shemeji yangu,

Salamu kwako na kwa dada. Mimi natembea mpaka kwenye sanduku la barua na kurudi, si haba.

Usijibebeshe yote. Mwenye kalamu nilikuwa mimi. Vitabu viwili nimeandika nikiwahimiza watu waseme wanayoyajua, kisha la kwangu nikalimeza. Niliogopa kukupoteza mara ya pili, ndiyo sababu yenyewe. Nimekupata wewe, kijito kimekwenda, na siwezi kufurahi wala kuhuzunika sawasawa.

Nimechapisha upya. Hesper sasa imo, pamoja na ramani, nawe umo na vyura wako. Huenda watu wakija kwa wingi wakaona, kampuni itaona haya na kuacha angalau nusu ya maji. Siasa na trauti, vyote vinataka mtu arushe tena hata akikosa.

Shemeji yako,
Merrill


Kettle Fork
28 Juni 2009

Shemeji,

Hujambo? Verna anauliza kama daktari amekuruhusu kusafiri. Njoo hata kama hatuvui, tutakaa barazani tule pai yake.

Habari njema ni kwamba kitabu chako kinasomwa. Wanakuja kutoka Idaho, kutoka Spokane, wengine mbali zaidi, kila mmoja ameshika nakala yenye ramani. Lakini mabomba ya kampuni yalifunguliwa tangu mwezi wa nne, na maji yote yamekwenda kwenye gofu. Nawatokea pale getini nawaambia hapa hakuna samaki. Wananikonyeza. Wanasema mzee wa kwenye kitabu ndivyo alivyokuwa akisema.

Jana alikuja mama mmoja, mwalimu, mtu mstaarabu sana. Aliniambia kitabu chako kimemtoa machozi. Nikamwonea huruma, nikachukua fimbo yangu nikamteremsha mwenyewe mpaka chini, goti hivyo hivyo, nikamwonyesha Hesper. Alisimama akiyatazama yale mawe makavu kwa muda mrefu. Kisha akanishika mkono, akasema kwa sauti ya chini kwamba hatamwambia mtu yeyote, akaniuliza kile cha kweli kiko upande gani.

Shemeji yako,
Orrin