Baraza za Simai

Machano, upo? Nimetoka kwa Simai sasa hivi, mbavu zinaniuma. Leo ndiyo kanambia yaliyomkuta mwaka sabini!

Unakumbuka alivyorudi na shahada yake ya usanifu, akachora yale majumba ya ghorofa ya Mtoni? Hofu yake watu wasije wakafungiana milango wasijuane. Basi kila mlango wa chini akauwekea baraza ya kukaa jioni, kama kwetu Malindi. Kwenye ramani akaandika: BARAZA.

Mkubwa mmoja wa serikali akaitazama, akatia kidole kwenye neno lile. "Kijana, nchi hii ina Baraza moja tu, la Mapinduzi. Haya mengine umeyaunda kwa idhini ya nani?"

Yaani!! Simai mbio kujitetea.

"Ni za kukalia tu, mkubwa."

"Wajumbe nani?"

"Majirani."

"Wanajadili nini?"

"Mpira… na mchele."

Mchele, Machano! Na foleni zile za mgao, nani athubutu kuzitaja! Hapo akajiona keshafungwa.

Akalifuta lile neno mbiombio, akaandika "kikalio cha saruji". Mkubwa akatia sahihi, karidhika kabisa.

"Kwa hiyo wakae, mkubwa?"

"Wakae. Lakini wasikutane."