Masikio ya Jumatano

Green Bank, Aprili

Kaka Wendell,

Hatujambo. Theluji imeyeyuka, na jirani katuletea vitunguu pori. Nyumba nzima inanuka.

Usimkasirikie Baba kwa kutopokea simu. Hakusikii. Vile vifaa vya kumsaidia kusikia ulivyomtumia viko kwenye kopo la biskuti, maana vinatoa mawimbi ya redio, na unamjua Baba: maisha yake yote ya kazi alizunguka na gari akisaka mawimbi yanayoisumbua darubini yetu, ambayo haioni bali husikiliza mawimbi ya angani. Hata oveni ya mikrowevu ya mchungaji aliizima! Huvivaa Jumatano tu, darubini inapozimwa kwa matengenezo.

Nilimwambia, "Baba, we vaa tu, nani atajua?"

Akacheka. "Nikuharibie kazi, binti yangu? Mimi nimeshasikia mengi."

Kazi yenyewe, kaka, ni kunasa mawimbi ya mvuke wa maji unaozunguka shimo jeusi kwenye galaksi ya mbali. Yalianza safari kabla binadamu hajakuwepo, na huku yananifikia safi kabisa. Jioni namuuliza Baba kama amekula, ananijibu habari za mbwa.

Jumatano iliyopita alivivaa asubuhi, akaketi karibu na simu. Wewe ulikuwa umepiga Jumanne. Mimi nilibaki ofisini na takwimu za galaksi yangu. Tafadhali, Wendell, uwe unapiga Jumatano. Nami nitakuwa nawahi kurudi.

Jioni ya Jumatano hiyo nilipoingia, alikuwa anavirudisha kwenye kopo.

"Vinafanya kazi, Baba?"

"Sana," akasema. "Leo nimeisikiliza saa ya ukutani siku nzima."

Dadako,
Verna