Ijumaa Leseni Zinazimwa

Kaka Masanja,

Nimekaa kwenye kiti chako hapa ofisini Kambarage, nimefungua dashibodi ya leseni za programu yako kwa paswedi yako. Wenye mtandao wameleta mapya tena. Zamani ungepiga kelele, "Nkwimba, njoo uone, wametuwekea rangi!" na tungebonyezabonyeza mpaka chai ipoe. Safari hii sijaita mtu.

Wanataka mwenye akaunti athibitishe kwamba yupo. Namba ya siri inatumwa kwenye simu yake, na isipojazwa kufikia Ijumaa saa sita mchana, leseni zote alizotoa zinazimwa. Zote, Kaka. Kule Geita maduara tisa ya wachimbaji wa dhahabu yanategemea programu yako kujua nani kashuka shimoni na nani kapanda.

Pembeni ya jina lako pana alama ya kijani na maneno: ameonekana leo. Ni mimi huyo. Tangu tukuzike naingia kama wewe, maana wakijua mwenyewe amefariki wanafunga akaunti mpaka karatasi za mirathi zipatikane. Niliogopa, nikanyamaza. Sasa kila nikiiona ile alama naifunika kwa kiganja.

Simu yako iko sandukuni kwa mama yako, Ushirombo. Juzi nilikwenda, nikapiga magoti, nikamweleza yote. Akanishika kichwa. "Mwanangu, vitu vya marehemu haviguswi kabla ya arobaini. Ufunguo anao baba yake mkubwa." Arobaini yako ni Jumapili. Nikafikiria kuomba laini nyingine ya namba ile ile, lakini ilisajiliwa kwa kidole chako. Kidole tumekizika.

Nikawapigia wenye maduara, nikawaomba wasimamishe kazi mpaka Jumatatu. Walicheka. Mmoja akasema, "Dada, si tutarudi kwenye daftari tu?" Wewe ndiye uliyenisimulia habari za daftari: mvua ilivyolilowesha, majina yakafutika, wakahesabu kwa kichwa na kusema wote wamepanda, kumbe mdogo wako Luhende yuko chini. Wiki hiyo hiyo ulianza kuandika programu. Ulisema hutaki mama mwingine aambiwe, "Tulidhani kapanda."

Nina hasira na wewe, Kaka. Umenifundisha kila kitu, ukasahau kuliweka jina langu kwenye akaunti. Na nimekukumbuka sana.

Tangu asubuhi kuna wingu zito upande wa Geita. Halisogei.

Haya, lala salama. Ijumaa nitakuwa kwenye mdomo wa duara lile alimobaki Luhende. Nimenunua daftari, kalamu za risasi kwa sababu wino siuamini, na mfuko wa nailoni wa kulifunika. Nitaandika kila jina, na nakuahidi sitaondoka mpaka wa mwisho apande na kuniitikia kwa sauti yake.

Kwenye yale maduara mengine manane sina wa kumweka aandike majina.

Nkwimba wako