Kumjibia Ashura

Kibiti,
Rufiji.
10 Machi, 2003

Mpendwa mdogo wangu Mwanaamina,

Assalaam alaykum. Naomba barua hii ikukute umekaa barazani kwako hapo Tanga, goti limetulia na macho bado yanasoma bila miwani. Presha je? Ile dawa ya asubuhi unaimeza, au unaificha chini ya mto kama ulivyokuwa ukificha kwinini ya mama?

Sisi hatujambo. Mvua zimewahi mwaka huu, na mpunga wa bondeni umefika magotini. Binti yangu Sikujua anashinda huko dunguni kufukuza nguruwe. Mimi nakwenda nikiweza. Nikifika husimama kwanza pale palipokuwa na nyumba yetu. Ile minazi miwili ya mlangoni, sasa umebaki mmoja.

Barua yako ya mwezi wa kumi na moja niliipata. Uliniuliza kama Ashura aje akae kwako moja kwa moja, mbali na maneno ya watu wa hapa, na ukaandika, "Nijibu wewe kaka, mtoto mgonjwa haulizwi." Nimechelewa kujibu, na sababu ya kuchelewa ndiyo habari yenyewe. Nivumilie.

Unajua kwamba mjukuu wetu huyu, mtoto wa Sikujua, alianza kusikia sauti akiwa kidato cha tatu, na kwamba dawa za Dar es Salaam zilizituliza. Ambalo hukulijua ni kwamba akili haikurudi yote. Anabandika sufuria, anasahau maji. Ukimwambia mambo matatu, analishika la mwisho. Daktari wake, kijana mmoja aitwaye Feisal, alisema hiyo ni sehemu ya ugonjwa, na kwamba vidonge haviigusi sana.

Mwezi wa kumi na moja Daktari Feisal alileta kompyuta mbili hapa Kibiti, akaziweka katika chumba cha walimu chenye jenereta. Anafanya utafiti. Vijana saba wenye ugonjwa kama wa Ashura wafanye mazoezi ya kukumbuka na kuwa makini, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kwa zamu, ya Ashura ikiwa saa sita na nusu mchana, kwa wiki kumi. Dawa zisiachwe. Alitueleza wazi kwamba hajui kama itasaidia, na kwamba anataka kujua.

Siku ya kwanza Sikujua alikwenda na chetezo cha udi. Akamuuliza Bahati, mwalimu anayesimamia chumba, "Mwanangu, hii ndiyo inayotoa mashetani?"

"Mama, hii haitoi kitu," Bahati akamwambia. "Inauliza tu. Na huo moshi utaiua."

Basi nikawa namsindikiza mimi. Zoezi lake kubwa lilikuwa la picha. Kioo kinaonyesha vitu vya kawaida, jembe, ungo, samaki, kila kimoja mara mbili. Halafu vinafunikwa, naye abonyeze pale anapokumbuka pacha wake alipo. Ukipatia, mashine inakuongezea picha. Ukikosea, inakupunguzia.

Mimi nilikaa kwenye kigoda nyuma yake. Mwanaamina, nitakueleza kosa langu kama lilivyo. Mkono wake ulitembea juu ya kioo, ukisita, nami nikijua jembe liko wapi. Ulipofika penyewe, nikakohoa. Akabonyeza. Ikawa sahihi. Akageuka kunitazama, na sura ile sikuwa nimeiona kwa miaka mitatu. Jumatano nikakohoa tena.

Mashine iliniamini. Ikaongeza picha nane, kumi na mbili, ishirini, mpaka nami nikapotea. Wiki ya tatu Ashura alisukuma kiti, akasema yeye ni mjinga na mashine imemjua. Akajifungia ndani siku nane. Hakula na sisi. Sikujua akaanza kufunga nguo zake kwenye mkoba wa kuja kwako, nami nikaandika barua fupi: "Tumekubali, atakuja." Ilikuwa juu ya meza ikingoja stempu.

Daktari Feisal akaja nyumbani na karatasi zake. "Mzee Twalibu," akaniambia, "kuna jambo silielewi. Jumatatu na Jumatano anapatia sana. Ijumaa hapati kitu. Ijumaa kuna nini?"

Nilikuwa na nia ya kusema sijui. Sauti ikatoka nyuma ya pazia. "Ijumaa babu yuko msikitini. Kikohozi chake ndicho kinachojua jembe lilipo."

Daktari alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Nilifikiria wageni wote walioingia nyumbani kwetu tangu mtoto augue. "Ashura, hujambo?" Naye yupo palepale mkekani, na sisi ndio tunaojibu: hajambo kidogo, amekula, amelala vizuri. Tuliona ndiyo huruma, na ndiyo adabu ya kukaa na mgonjwa. Miaka mitatu hakuna aliyengoja amalize kutafuta neno lake.

Wakampunguzia mashine mpaka picha nne. Mimi nikahamishiwa nje, chini ya paa la kibaraza, na gazeti la juzi. Alianza upya, akawa anakosea kwa haki yake na kupatia kwa haki yake. Wiki ya kumi alifika picha kumi na sita. Juzi nilimtuma dukani vitu vinne bila kumwandikia, akarudi navyo vyote, ila alikaa sana njiani. Sufuria haijaungua tangu mwezi mtukufu. Nimemuuliza daktari kama ni kazi ya kompyuta. Amesema labda, na labda ni dawa, na labda ni kutoka nyumbani na kukutana na wenziwe. Hesabu yake bado. Nampenda kwa jibu hilo.

Sasa swali lako. Ile barua ya "tumekubali" nimeichana. Nilipoisoma tena nililikumbuka neno lenyewe. Mwaka wa mafuriko nilikuwa na miaka thelathini na minane, nina nyumba na watoto wawili, na afisa mmoja alisimama mbele yetu na daftari akatusomea kwamba watu wa bondeni wamekubali kuhama. Wewe ulikuwa umeshaolewa Tanga. Huku ng'ambo ya mto tumeishi vizuri, sikatai, na shule iko karibu. Lakini ni miaka thelathini na minne, na bado namjibu yule afisa ninapokuwa peke yangu.

Kwa hiyo sikujibii. Jana nilimsomea Ashura barua yako yote, hata pale uliposema haulizwi. Kisha nikangoja atafute neno lake. Nilikuwa na kikohozi cha kweli, nikakimeza. Nafasi iliyobaki chini ya ukurasa huu ni yake. Ataandika, atafunga bahasha mwenyewe, nami sitasoma. Akisema anakuja, mpokee. Akisema haji, usimkasirikie, wala usinikasirikie.

Nisalimie shemeji Hilal, na Ummy na wanawe. Sikujua anakusalimu, anasema ule ukili wa mkeka aliokuahidi ameshausuka. Mwenyezi Mungu akutie nguvu ya goti na utulivu wa moyo, na atukutanishe tukiwa bado tunajuana sura.

Wako akupendaye,
kaka yako Twalibu.

Shikamoo bibi. Ni Ashura. Mimi sijambo. Sauti moja bado inakuja siku zingine lakini najua si mtu. Nimefikiri kuhusu Tanga. Sitahamia. Nitakuja kutembea mpunga ukishavunwa, nikae wiki mbili, unifundishe cherehani, kisha nirudi. Nataka kurudi shule. Mama bado hajui, nitamwambia mwenyewe. Babu yuko nje amenipa mgongo, anajifanya anasoma gazeti, nalo kalishika juu chini.