Papai Ulilotuachia Bila Mbegu

Baba Leokadia,

Watoto hawajambo. Mimi nipo tu. Mvua imenyesha vizuri mwaka huu, maharage yamechanua, na yule mbuzi wako mwekundu bado ni mwizi. Nakuandikia kwa sababu asubuhi ya leo nimeona kitu, na kila niliyetaka kumwambia nilimwona si mtu wa habari hii. Mtu wake ni wewe.

Unaukumbuka mpapai wetu wa kule kilimani, Bugarama? Uliupanda nyuma ya jiko kwa mkono wako. Ulikuwa na sheria uliyorithi kwa baba yako: tunda la kwanza la mti hula aliyeupanda, kisha ndiye anayewakatia wengine. Nilikucheka, nikasema hiyo ni sheria ya walafi. Ukanijibu, "Mti una macho, Mama Leokadia. Unataka umjue mwenyewe." Basi tukangoja. Mpapai ukazaa, matunda yakanenepa, bado mabichi, ndipo tukaambiwa tuhamie kijijini.

Tulibeba milango, vyungu, kuku na jiwe la kusagia. Mpapai haubebeki. Leokadia alilia njia nzima, wala hakuwa akililia nyumba. Alililia papai. Na wewe, mwanamume mzima wa kuogopwa na ng'ombe, nilikuona unafuta macho kwa mkono wa shati ukisingizia vumbi.

Kijiji kipya kilikuwa peupe. Nyumba zimejipanga kando ya barabara kama watoto wa shule, na hakuna mti hata wa kuanikia nguo. Siku moja, Krismasi inakaribia, ulirudi na mfuko wa saruji uliotupwa pale shule ilipokuwa inajengwa. Ukaukung'uta, ukaukata kwa wembe. Ukamwita Leokadia na watoto wa majirani, ukawaambia, "Miti imebaki, lakini matunda tutayaleta."

Nilidhani umechanganyikiwa. Uliniomba binzari ukatengeneza rangi ya ndizi mbivu. Ukaponda majani ya maboga, ukapata kijani. Udongo mwekundu ulikuwa embe, buluu yangu ya kufulia ukaichovya kidogo tu kwa ajili ya kivuli cha zabibu ambazo hakuna mtu kijijini aliyewahi kuziona. Unyoya wa kuku ndiyo brashi. Gundi mkapika uji mzito wa muhogo, unga wangu wa mwisho, nami nikapiga kelele hadi jirani akachungulia. Ukasema, "Leo tunakula kwa macho." Watoto wakacheka, na mimi hasira zikaniponyoka nikacheka nao.

Mkatundika mashada kwa kamba za mgomba, kuanzia mlangoni hadi kwenye uzio. Asubuhi tukakuta mengi hayapo! Mbuzi kasikia harufu ya muhogo, kala ndizi zote na nusu ya maembe. Leokadia alisimama pale, akingoja kuona wewe utafanya nini. Ukamwambia, "Umeona? Hata mbuzi kadanganyika. Basi tumetengeneza vizuri." Tangu siku ile kila Krismasi mlitengeneza upya na kuyatundika juu, asikofika mwizi. Watoto wa majirani wakawa wanaiita nyumba yetu shambani.

Krismasi ile ya mwisho hukuiona. Mlikuwa mmeanza mapema. Ulikuwa umetengeneza papai kubwa lililokatwa katikati, ndani limepakwa binzari na udongo hadi likawa na ile rangi yenyewe, na ulitaka kulibandika mbegu za kweli, zile ulizopewa sokoni. Zilikuwa bado mbichi. Ndipo redio ikatangaza vita, na mgambo mkaitwa mkusanyike Nyamiaga. Tito, kitinda mimba wetu, alikuwa mgongoni kwangu, hajui kitu. Ulimpa Leokadia mbegu kwenye kopo. "Zitunze zikauke vizuri. Nitazibandika nikirudi." Halafu ukaniangalia mimi, ukasema nisisahau kufunga mbuzi. Hayo ndiyo maneno yangu ya kuagwa, Baba Leokadia. Mbuzi.

Askari walipoanza kurudi kutoka vitani, tulikwenda barabarani kila tuliposikia honi. Watu wanaimba, wanawapa askari ndizi na pombe juu ya malori. Leokadia amebeba papai kichwani na kopo mkononi, anatazama kila uso. Lori la mwisho likapita. Tukageuka, tukarudi nyumbani.

Baadaye akaja mwenzako wa Kibimba, yule mliyekwenda naye. Alikaa kwenye kigoda, akashindwa kunywa hata maji. "Shemeji," akasema, "tulimzika kule kule." Nikamuuliza kule ni wapi. Akaonyesha kaskazini kwa kidevu, akalia. Nilimchukia siku ile, Mungu anisamehe, kwa kuwa yeye alikuwa na miguu ya kumleta.

Nilikataa matanga. Kaka yako alikuja, akaja tena. "Mke wetu, mtu hawezi kubaki njiani. Tuzike shina la mgomba mahali pake, halafu tunyoe nywele, apumzike." Unaijua desturi, nami naijua. Lakini nilisema siwezi kuulilia mgomba. Nilihisi nikikubali tu, ndiyo nitakuwa nimekuua mimi.

Aliyenishinda ni Leokadia, mwanao. Siku moja nimerudi kutoka kisimani nikamkuta amechemsha uji wa muhogo, ameshusha papai lako kutoka darini, jeusi kwa moshi, na anabandika mbegu moja moja. Nikapiga kelele, "Unafanya nini? Baba amesema atazibandika mwenyewe!" Hakuinua hata kichwa. "Mama," akasema, "baba harudi. Acha nimmalizie."

Nilikaa chini. Nilimsaidia kuzibandika.

Tulikuzika nje ya nyumba, upande wa jua kuchomoza. Wazee walilaza shina la mgomba kwenye mkeka. Leokadia akaomba papai lake liwekwe juu, na kaka yako, ambaye unamjua hataki mchezo na mila, akalipokea kwa mikono miwili. Tukafukia. Tukanyoa nywele. Nililia kilio nilichokuwa nimekiweka tangu siku ya lori, na Tito akalia kwa sababu mimi ninalia.

Leo nimekwenda kung'oa magugu pale juu yako. Katikati ya majani nimeona mche. Nimeinama na jembe mkononi, kumbe ni mpapai. Mmoja tu, majani yake bado madogo, shina laini kabisa. Nimeliweka jembe chini nikakaa palepale hadi watoto wakaja kunitafuta. Leokadia ameuzungushia miiba kwa ajili ya mbuzi.

Nimekukosa, mume wangu. Nakukosa jikoni na nakukosa shambani, na nyumba hii kila nikiingia nahisi umetoka sasa hivi. Lala huko walikokulaza, na lala hapa pia. Ila nijibu jambo moja, hata kwa ndoto. Huu mti umeupanda wewe, na sheria ni yako. Siku papai la kwanza likiiva, na watoto wamesimama na sahani, nani atawakatia?

Mimi wako,
Mama Leokadia